Bunduki ya muzee inacheza: namna ya kujua kama imechoka



Kwenye fakilte ya agronomia hakuna kozi ya bunduki. Lakini ukimaliza lisansi, ukaanza kutembea vijijini upande wa Lukuga ao njia ya Nyunzu kwa mambo ya muhogo na mahindi, utaulizwa tu. Nyani wanavunja mahindi mchana, nguruwe-pori wanafukua muhogo usiku, na mwenye shamba anasema: «Bwana agronomo, mimi niko na bunduki ya marehemu muzee. Unaona ingali nzuri?» Inatolewa kwenye gunia, vipande vitatu. Inaunganishwa, inafungwa, inalia «tak», na wote waliosimama pale wanasema: iko nguvu.

Ile «tak» ndiyo inadanganya watu. Bunduki inaweza kulia vizuri na huku imelegea ndani kiasi cha kumharibia mwenyewe jicho. Mimi si fundi wa silaha. Haya nimefundishwa na mjomba wangu, fundi wa chuma aliyezeekea kwenye atelie, halafu nikayasomea zaidi. Nayaandika juu ya bunduki za aina moja: zile za zamani zinazotenganishwa, mtutu mbali na kitako. Ziko na ugonjwa wao, na ugonjwa huo unaonekana mapema kwa mtu anayejua mahali pa kuangalia.

Kwa nini zilitengenezwa vipande vipande

Vitu vingi vizito vilifika kwenye ziwa letu vikiwa vimefunguliwa. Meli Liemba, ambayo wazee wengi wa Kalemie waliipanda, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikabomolewa, ikafungwa kwenye masanduku, ikasafiri mpaka Kigoma, na ikaunganishwa tena pale kwa ribeti. Mwaka 1915 ikaingia majini. Bunduki ya kuwinda ilikuwa na sababu ileile: kusafiri. Mtutu na kitako vikiachana, bunduki ndefu inaingia kwenye sanduku fupi, ndani ya gari la moshi ao mtumbwi, na haipigwi na mvua wala haikwaruziki.

Lakini kuna tofauti kubwa. Ribeti za meli zilifungwa mara moja, zikabaki vile. Kiungo cha bunduki kinafunguliwa na kufungwa kila siku ya kazi, miaka na miaka. Chuma kinasugua chuma. Mchanga unaingia, mafuta yanakauka. Kwa hiyo kiungo ndicho kinachochoka, na ndicho cha kuangalia kabla ya kusifu mbao nzuri na michoro.

Sisi tulitawaliwa na Ubelgiji, na Ubelgiji ilikuwa na Liège, muji wa mafundi wa bunduki tangu zamani sana. Pembeni yake, Herstal, iko kiwanda cha Fabrique Nationale, FN, kilichoanzishwa mwaka 1889. Kwa hiyo nitachukua mifano miwili ya Kibelgiji. Wa kwanza ni bunduki ya mitutu miwili ya kalibre 12, inayokunjika katikati. Wa pili ni ile ndogo ya kalibre 22 ya FN, iliyobuniwa na John Browning na kuanza kutengenezwa Herstal mwaka 1914.

Ndani kunatokea nini ukipiga

Tairi la pikipiki lina presha ya bar 2 hivi. Kartushi ya kawaida ya kalibre 12 inaruhusiwa kufika mpaka bar 740, kwa kipimo cha ile kamisheni ya kimataifa ya kupima silaha, C.I.P. Tufanye hesabu kidogo. Tundu la mtutu lina upana wa milimita 18,5 hivi, yaani eneo la milimita za mraba karibu 270. Zidisha kwa presha ile, unapata nguvu ya karibu tani 2, kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Zile tani 2 zinasukuma kartushi nyuma, kwenye ukuta wa chuma unaofunga mtutu. Na nyuma ya ukuta ule kuna uso wa mtu.

Chini ya mitutu kuna chuma kinene chenye ndoano. Ile ndoano inashika pini ya bawaba, na bunduki inakunjika hapo. Kuna pia komeo linaloingia kwenye kata za kile chuma na kuzuia mitutu isifunguke. Bunduki ikiwa nzima, mitutu imebana kabisa kwenye ukuta: nguvu inapita, hakuna kinachosogea. Ndoano ao pini ikilika hata kidogo, unabaki mwanya mudogo. Sasa kila risasi inasogeza mitutu na kuigongesha, kama nyundo. Mwanya unazidi, na kwa sababu umezidi, nyundo inagonga zaidi. Ndiyo maana bunduki iliyokaa imara miaka 40 inaweza kuharibika kabisa kwa misimu michache. Kulegea kunazaa kulegea.

Kuipima kwa mikono

Kwanza kabisa: fungua, angalia vyumba vyote viwili, ingiza kidole uhakikishe ni vitupu. Mtu wa pili naye aangalie. Kartushi zote ziwekwe chumba kingine. Usiseme «haijapigwa tangu muzee afariki». Hilo halithibitishi kitu.

Pili: futa mafuta na uchafu wote kwenye kiungo, kwenye pini na kwenye ukuta. Grisi nzito inajaza mwanya, inafanya kitu kilicholegea kionekane kimebana. Muuzaji mjanja anajua hilo vizuri sana. Ukikuta kiungo kimejaa grisi mpya na sehemu nyingine zote ni kavu, jiulize kwa nini.

Tatu, na hapa ndipo watu wengi wanakosea: ondoa mbao ya mbele, ile inayoshikwa kwa mkono wa kushoto. Ndani yake kuna springi inayosukuma mitutu nyuma, na ile springi inaficha ulegevu. Ukipima bunduki na mbao yake ya mbele, umepima springi, haujapima kiungo. Funga bunduki bila ile mbao. Bana kitako chini ya kwapa, shika mitutu kwa mkono mmoja na sehemu ya chuma kwa mkono mwingine. Sukuma kushoto na kulia. Kisha juu na chini. Kisha jaribu kuizungusha kidogo. Fundi wa pikipiki anaposhika gurudumu na kulitikisa juu ya kusikia kama «linacheza», ni mtihani uleule. Kiungo kizima hakisemi kitu. Kilicholika kinatoa sauti ndogo, «ka-ka», na mkono unasikia kabla ya sikio.

Nne: angalia mwanga. Simama mlangoni, bunduki imefungwa, tazama kwa upande pale mitutu inapokutana na ukuta. Ukiona mstari wa mwanga, mwanya uko. Halafu chukua karatasi ya kawaida ya fotokopi, ambayo unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Fungua, iweke kati ya mitutu na ukuta, funga polepole bila nguvu. Kwenye bunduki nzima karatasi inakwama, ao bunduki inakataa kufunga vizuri. Ikifunga kama hakuna kitu na karatasi inachomoka bila kupasuka, jibu umelipata.

Tano: angalia ufunguo wa juu, ule unaosukumwa kwa kidole gumba. Kwenye bunduki mpya, baada ya kufunga, unabaki umeelekea kidogo kulia. Komeo linapolika, ufunguo unasogea katikati, kisha unavuka kwenda kushoto. Ukiukuta kushoto, komeo limekula chuma chake karibu chote. Lakini kuwa mwangalifu: komeo likiwa zuri na pini imelika, ufunguo utakuwa mahali pake na bunduki bado inacheza. Kipimo kimoja hakitoshi.

Sita: nyundo na kifyatulio. Bunduki ingali tupu, vuta nyundo nyuma mpaka ikae. Bila kugusa kifyatulio, isukume mbele kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kadiri. Ikianguka, meno ya ndani yamelika, na siku moja itajipiga yenyewe mtu akijikwaa njiani. Tazama pia vile vijiti viwili vinavyotoka kwenye ukuta kugonga kartushi. Nyundo zikiwa zimerudi nyuma, vijiti vinapaswa kurudi ndani. Kijiti kilichokwama nje kinaweza kulipua kartushi wakati wa kufunga tu.

Kulegea na kuoza ni mambo mawili

Hili ndilo ningependa kila mmoja ashike. Kiungo kilicholegea ni ugonjwa mmoja. Mtutu uliooza ni mwingine. Bunduki inaweza kuwa na kiungo kizuri sana, juu haikutumika, na mitutu imeliwa na kutu, juu ilikaa miaka 30 kwenye paa la nyasi. Hali ya hewa ya ziwa inajulikana: msumari tu unaota kutu kabla haujapigiliwa.

Toa mitutu, iangalie kutoka nyuma kuelekea anga. Ndani inapaswa kung'aa kama kioo, duara juu ya duara. Vidoti vyeusi vidogo ni kutu ya juujuu. Vishimo unavyoweza kuvisikia kwa ncha ya kijiti ni mambo mengine, hasa vikiwa karibu na chumba cha kartushi, ambako presha ni kubwa kuliko kwote. Ukiona kivuli cha pete kimezunguka ndani, mtutu ulivimba mahali pale: zamani ulipigwa ukiwa na matope ao kitambaa ndani. Pitisha vidole nje taratibu, utausikia uvimbe. Mtutu uliovimba umekwisha kazi.

Kisha uning'inize mitutu kwa kamba, uipitishe kwenye kile chuma cha chini, na uigonge kidogo kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, ile solda inayoshika mitutu pamoja ni nzima. Ikilia kama chungu kilichopasuka, solda imeachia mahali fulani, na maji yanaingia kati bila wewe kuona.

Angalia pia kama chuma cha nje kina mistari ya kuzunguka, kama mawimbi ao kamba iliyosokotwa. Mitutu ya namna hiyo ni ya damaski: vipande vya chuma na feleji viliunganishwa kwa moto na kuzungushwa. Ni mizuri kwa macho. Lakini mingi ilitengenezwa wakati wa baruti nyeusi, na kutu inaweza kuingia ndani ya mistari ile pasipoonekana. Bunduki hiyo ni ya kutundika ukutani, haina kazi tena shambani.

Kusoma mihuri ya Liège

Chini ya mitutu, ukiitenganisha, utakuta mihuri midogo. Kwa sisi ni kama kadi ya chanjo ya bunduki. Nyumba ya majaribio ya Liège ilianza mwaka 1672, na kazi yake ni kupiga kila bunduki kwa kartushi yenye nguvu kupita kawaida, kisha kuigonga muhuri kama imevumilia. Muhuri wa yai lenye taji juu na herufi ELG ndani unasema bunduki ilipita mtihani. Lakini mtihani gani? Tafuta simba na herufi PV. Huo ndio unaosema ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Ukiona yai tu na hakuna simba, jua ilijaribiwa kwa baruti nyeusi, na kartushi za dukani si za kwake.

Na hata simba akiwepo, muhuri unaeleza hali ya bunduki siku ilipotoka Liège. Hauelezi kutu ya miaka iliyofuata.

Kuna mtego mwingine, urefu wa chumba cha kartushi. Bunduki nyingi za zamani zilikuwa na chumba cha milimita 65. Kartushi nyingi za leo ni za milimita 70. Mtu anasema: «Imeingia, basi inafaa.» Hapana. Ile 70 ni urefu wa kartushi baada ya kupigwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Kabla ya kupigwa ni fupi, inaingia bila shida kwenye chumba cha 65. Ukipiga, mdomo unafunguka ndani ya sehemu nyembamba, njia inabanwa, presha inapanda. Kwenye bunduki nzima ni hatari. Kwenye bunduki inayocheza, sipendi hata kufikiri.

Ile ndogo ya Browning

Bunduki ya FN ya kalibre 22 inatenganishwa kwa namna nyingine. Mtutu una nyuzi za skrubu zilizokatwa vipande: unasogeza kifunguo kidogo, unazungusha robo ya duara, unachomoa. Ni akili kubwa, na nyuzi zile zinalika pia. Lakini Browning alilifikiria: kwenye mtutu kuna pete yenye meno ya kuongezea mkazo. Kiungo kikilegea, unasogeza pete jino moja, unajaribu tena, mpaka mtutu unaingia kwa kubana kidogo na hauchezi. Kazi ya dakika chache.

Shida ni kwamba warithi wengi hawajui kama ile pete ipo. Wanazungusha karatasi ya bati ao uzi kwenye nyuzi. Bati linasogea, mtutu unabaki mbali na mahali pake, na kifuko cha risasi kinakosa mgongo wa kukishika, kinapasuka nyuma. Kalibre 22 ni ndogo, lakini gesi moto na vipande vya shaba kwenye jicho si vidogo. Pete ikifika mwisho wa meno yake na mtutu bado unacheza, nyuzi zimekwisha, na hapo hakuna dawa ya kijijini.

Matengenezo ya uongo

Bunduki ya kukunja iliyolegea inaweza kutengenezwa kweli. Fundi wa silaha anaweka pini mpya yenye unene zaidi, ao anaongeza chuma kwenye ndoano na kukipiga tupa kidogo kidogo mpaka mitutu inakaa. Ni kazi ya subira, na baada yake bunduki inapaswa kupimwa.

Kinachofanyika kwetu mara nyingi ni kingine. Cha kwanza ni kupiga ndoano kwa nyundo ili chuma kitanuke: inabana wiki mbili, kisha inarudi mbaya zaidi. Cha pili ni kipande cha kopo la bia kati ya ndoano na pini. Cha tatu, kibaya kuliko vyote, ni kulehemu karibu na chumba cha kartushi. Moto wa kulehemu unabadilisha chuma: panapong'aa kama papya ndipo palipolainika ao kuwa pa kuvunjika kama kigae. Ukiona alama za nyundo kwenye ndoano, tone la lehemu, ao rangi ya bluu ya moto karibu na kiungo, usiendelee na vipimo vingine. Na ile inayoitwa pupu, iliyotengenezwa kwa bomba la maji, haina hata mahali pa kuanzia kupima. Bomba la maji halikuumbwa kwa bar 740.

Basi mwenye shamba afanye nini?

Jibu langu kwa wanaoniuliza ni fupi. Kama inacheza, kama karatasi inapita, kama mtutu una vishimo ao uvimbe, kama hakuna simba wa PV: isipigwe tena. Siyo «mara moja tu juu ya kutisha nyani». Bunduki haihesabu mara. Na hata kama imepita vipimo hivi vyote, vipimo vya mkono vinaweza kuikataa bunduki, haviwezi kuipa cheti. Unene wa mtutu unapimwa kwa chombo ambacho wewe na mimi hatuna.

Kuna na karatasi za serikali. Kushika silaha kunataka ruhusa, kwa ordonansi-sheria nambari 85-035 ya 3 Septemba 1985. Kuwinda kunataka kibali, kwa sheria nambari 82-002 ya 28 Mei 1982. Ruhusa ya marehemu baba haimfuniki mtoto. Na katika provensi yetu, ambako watu wamekimbia vijiji kwa sababu ya silaha, mtu anayetembea na bunduki kwenye gunia bila karatasi anaweza kupata matatizo makubwa kuliko ya nyani. Heri familia ipeleke habari mapema kwa wakubwa wa serikali, pamoja na shefu wa kijiji, kabla ya kuisogeza bunduki kutoka nyumbani.

Juu ya shamba lenyewe, bunduki si dawa tunayoifikiria. Nyani wanajifunza haraka sana: wanamkimbia mwenye bunduki na kurudi akienda kula. Kinachowapunguza ni watu kupanda kwa pamoja, mashamba yakigusana, ili zamu ya ulinzi igawanywe, kusafisha ukanda wa porini kando ya shamba wasipate mahali pa kujificha, kuweka mahindi katikati na muhogo mchungu pembeni, mbwa, na kuvuna mapema mahindi yakikomaa badala ya kuyaacha yakaukie shambani kwa muda mrefu. Ni kazi, najua. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kulipuka usoni mwa baba wa familia.

Najua pia bunduki ya muzee si chuma tu. Alilisha nayo watoto, jina lake linatajwa pamoja nayo. Kuambiwa «isipigwe tena» kunauma kama kuambiwa muzee mwenyewe hakuwa kitu. Mwambieni mwenye nayo kweli kwa heshima: bunduki hii ilifanya kazi yake mpaka mwisho, na yule aliyeitunza hakuitunza ili imjeruhi mjukuu wake. Kisha ondoeni ile mbao ya mbele, mpeni mitutu aishike, aitikise mwenyewe. Akisikia ile «ka-ka» kwa mkono wake, hatahitaji maneno mengi ya agronomo.